Kidole Gumba cha Bibi Keziya

Ninyi mnaogusa kioo cha simu na kuhesabiwa kwamba mmekubali masharti, hamjui taabu tuliyoipata sisi kuchukua alama ya kidole gumba cha mkulima. Kidole cha mtu wa jembe kimelika. Ukikipaka wino na kukigandamiza kwenye karatasi, unapata doa jeusi tu lisilo na mstari hata mmoja. Kwa hiyo kwanza unamwambia anawe kwa sabuni, kisha ajipake majivu makavu kidogo ili jasho likauke, halafu ayafute kwa kitambaa. Wino uwe mchache. Usikigandamize, kiviringishe polepole kutoka ubavu mmoja wa ukucha hadi wa pili, mara moja tu, na umwombe mwenye kidole atazame pembeni, maana akikitazama atakaza mkono. Ofisini kwetu wanaume walitumia cha kushoto na wanawake cha kulia. Sijui nani alianzisha utaratibu huo, na hatukuuliza.

Nilikuwa karani, na baadaye nikaongezewa ualimu wa kisomo cha watu wazima, kazi zote mbili kwa baiskeli moja, katika wilaya za Ngara na Biharamulo. Nilianza enzi za vijiji vya ujamaa, vita vya Kagera vikanikuta humo humo. Nimestaafu siku nyingi na sikuwa na nia ya kuandika lolote. Kilichonichokoza ni mjukuu wangu wa kike, anayesoma chuo kikuu, aliyekuja likizo na daftari lake la falsafa ya siasa. Alinisomea habari ya mkataba wa jamii. Alisema serikali ina haki ya kututawala kwa sababu sisi wenyewe, au babu zetu kabla yetu, tulikubali. Nikavua miwani. Nikafumba macho, na mtoto wa watu akadhani sukari imenishuka, akakimbilia jikoni kunikorogea chai.

Sukari haikuwa imeshuka. Nilishtuka kwa sababu nilikwisha kuyasikia maneno hayo, karibu yote kama yalivyo, nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na ninajua yalikonifikisha.

Nilipelekwa mafunzo ya wiki sita. Mkufunzi wetu alikuwa kijana aliyetoka chuo kikuu, amevaa suruali pana miguuni kama kengele, na alikuwa na kipaji cha kusimulia. Alituambia kwamba hapo kale watu waliishi bila serikali. Mwenye nguvu alimnyang'anya mnyonge, kila mmoja alimwogopa mwenzake, hakuna aliyelima kwa amani. Siku moja wakachoka. Wakakaa, wakakubaliana kila mtu aache sehemu ya uhuru wake, waikabidhi kwa mtawala, na yeye awalinde wote. Ndiyo maana, alisema, anayeipinga serikali anavunja neno lake mwenyewe. Nilipendezwa mno. Niliandika yote kwa wino mwekundu. Ilinistarehesha kufikiri kwamba hata mgambo anayekuja kukuamsha alfajiri amekuja kwa idhini yako, ila wewe umesahau tu kwamba uliitoa.

Aliyenifundisha kazi yenyewe hakuwa huyo mkufunzi. Alikuwa Bwana Gervas, karani mkuu wangu, mtu mnene, mcheshi, mwenye mwandiko wa kupendeza kuliko wote niliopata kuuona. Bwana Gervas aliandika muhtasari wa kikao kabla ya kikao. Alisema ukishapanda baiskeli kutoka Nyabusozi hadi Nyamahanga na kurudi, mkono hauna nguvu ya kuandika, kwa hiyo ni busara uandike asubuhi ukiwa umeshiba. Siku moja aliandika kwamba kikao kilifungwa saa nane kwa nyimbo na vigelegele. Mvua ikanyesha saa tano kabla mtu hajafungua kinywa, watu wote wakakimbia. Bwana Gervas akauweka muhtasari kwenye jalada kama ulivyo. Nilicheka hadi nikashika mbavu. Nilimpenda sana yule mzee, na ninyi mngempenda pia, na hilo ndilo linalonitisha ninapomkumbuka.

Alinifundisha pia jinsi ya kuuandika ukimya. Mwenyekiti akiuliza, "Mmekubali?" na watu wakanyamaza, unaandika kwamba wananchi wote kwa kauli moja walikubali. Nilimuuliza kauli moja inatokaje kwa watu walionyamaza. Akasema kunyamaza kwao kulikuwa kumoja.

Basi ilipokuja operesheni ya kuhamia vijijini, tulipewa fomu za kaya. Kila mkuu wa kaya athibitishe kwa alama ya kidole kwamba amekubali kwa hiari yake kuhama. Tukapanda kilima kimoja, kati ya Ngara na Biharamulo, ambacho jina lake sitalitaja kwa sababu wajukuu wa watu wale wapo na wananifahamu. Tulifanya mkutano, tukachukua alama za waliofika, wengine wakitoa kidole huku wakitazama wale mgambo sita tuliokwenda nao. Jioni tukahesabu. Fomu tisa zilikuwa tupu. Wenyewe hawakuja, na malori yalikwisha kupangiwa siku.

Nilishauri turudi mlimani kesho yake. Bwana Gervas alinitazama kwa huruma.

"Kijana, una vidole kumi," alisema. "Wangekuwepo wangekubali."

Nikatoa kidau cha wino. Sitaki kujitetea. Sikutishwa na mtu, wala sikuwa na njaa. Nilikuwa na baiskeli mbovu na mlima ule ni mrefu. Nilitumia vidole vyangu tisa kwa kaya tisa, na nilijiona mwangalifu kwelikweli, kwa maana kwenye orodha ile mwanamke alikuwa mmoja tu, mjane anayeitwa Keziya, na kwa ajili yake nilihifadhi kidole gumba changu cha kulia, ili utaratibu usiharibike. Alama ilitoka safi, mistari yote inaonekana. Bwana Gervas akanisifu.

Siku ya malori tulimkuta Bibi Keziya nje ya jiko, anamenya ndizi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Alikuwa mwanamke mwembamba, mweusi sana, aliyefiwa na mume akarudi kwao kumtunza kaka yake, Mzee Zakaria. Huyo kaka alipofuka kwa surua akiwa mtoto. Nilimwona akipita kati ya migomba, amebeba debe la maji kichwani, hana fimbo, hakuna anayemwongoza. Alikuwa ametoka mtoni. Alikwepa mgomba ulioinama, akashuka ngazi mbili za udongo, akaliweka debe mahali pake bila kumwaga tone. Kisha akachukua panga akaendelea kupunguza majani ya migomba kwa kupapasa. 

Bwana Gervas alimweleza bibi kwamba muda umefika. Yule bibi akasema yeye hakukubali kuhama na hakuitwa na mtu. Kwao, alisema, wamezoea kwamba mtu akiulizwa jambo anaulizwa akiwepo. Aliposita nikadhani amemaliza, lakini alikuwa anatafuta maneno ya Kiswahili, maana lugha yake ilikuwa Kihangaza, na kwetu wengi l na r hukaa chungu kimoja.

"Kaka yangu hapa anaona," alisema. "Huko mnakotupereka atakuwa kipofu."

Bwana Gervas akaniagiza nitoe fomu. Nikaitoa, nikamwonyesha. Akauliza lile doa jeusi ni nini. Nikamjibu, kwa sauti ya upole ninayoionea aibu mpaka leo, kwamba ni alama ya kidole gumba chake cha kulia.

Bibi Keziya akaweka kisu chini. Akajifuta utomvu wa ndizi kwenye kanga, akainua mkono wa kulia mbele ya uso wangu. Ulikuwa na vidole vinne. Mahali pa kidole gumba palikuwa na kovu la zamani, laini, linalong'aa. Alikikata kwa mundu akiwa msichana, anakata nyasi za kuezekea.

Vijana, nimeona mambo. Nimeona lori likipinduka na watu, nimeona radi ikiua ng'ombe watano kwa mpigo. Sijapata kushtuka kama nilivyoshtushwa na mkono ule. Nilijua sasa uongo wetu umekwisha, malori yatageuka, tutaandikiwa barua, labda tutafungwa. Nilikuwa tayari kufungwa. Lakini kilichofuata ndicho kilichonishtua zaidi ya mkono: hakuna kilichobadilika. Mgambo mmoja alikohoa. Bwana Gervas akaichukua fomu mikononi mwangu, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni, akaanza kujenga hoja, naye hakuwahi kusoma falsafa hata siku moja.

Alisema kidole si hoja. Bibi ameishi chini ya serikali hii tangu uhuru. Amepita kwenye barabara yake, ametibiwa kwenye zahanati yake. Anayepokea vitu hivyo amekwisha kukubali, hata kama hakusema.

"Barabara imenikuta hapa," alisema Bibi Keziya.

Bwana Gervas akasema kama hakubali, mlango uko wazi, Burundi si mbali. Bibi akamjibu kwamba huko hajui mtu, na hata akivuka na kufika, serikali ya huko nayo itasema amekubali kwa kuwa amefika. Bwana Gervas akacheka kidogo, kwa maana alipenda watu wenye majibu. Kisha akawapungia mgambo mkono.

Waliezua nyumba. Kazi ya kuezua haichukui muda. Mzee Zakaria alikuwa ameingia ndani kuepuka kelele, ameketi kwenye kigoda chake, na hakuna aliyemwambia kinachofanyika juu ya kichwa chake. Nyasi zilianguka, vumbi likatimka, na mchana ukaingia wote. Akainua uso.

"Keziya," aliita, "mbona kuna jua ndani ya nyumba?"

Nilibeba jiwe la kusagia nikalipakia kwenye lori, kwa sababu lilikuwa zito na nilitaka nionekane nasaidia. Nikalia huku nimegeukia upande wa pili.

Niseme ukweli wote, ili msidhani nawapigia ngoma ya upande mmoja. Kijiji kipya hakikuwa kibaya kwa kila kitu. Kilikuwa na kisima chenye pampu. Kilikuwa na shule, na watoto waliosoma pale wengine leo ni madaktari. Mimi mwenyewe nilifundisha watu wazima kusoma pale, na hakuna raha niliyoipata kazini kama kumwona mama wa miaka hamsini akisoma jina lake. Siku nyingi nilijipoza kwa hayo. Nilijiambia, tazama kisima, angejua kutakuwa na kisima angekubali. Ilinichukua miaka kuona kwamba maji yalikuwa maji, na uongo ulibaki uongo, na hakuna ndoo inayoweza kuuosha.

Kwenye darasa la kisomo nililazimika kufundisha siasa pia, nikatoa daftari langu la wino mwekundu. Nikawasimulia wanakijiji habari ya watu wa kale waliokaa wakakubaliana. Bibi Keziya alikuwa amekaa nyuma kwenye gogo, maana kuhudhuria kulikuwa lazima. Akainua ule mkono wa vidole vinne. Nilitamani ardhi inimeze.

Aliuliza mkutano ule wa kale aliuitisha nani. Nikasema hakuitisha mtu, waliamua wenyewe. Akauliza kama wanawake walikuwepo. Nikapapasa daftari, mkufunzi hakusema. Akauliza wale wanaume walipokuwa wanakubaliana siku nzima, nani aliwapikia. Darasa likaanza kucheka. Akauliza kama walizaliwa na ndevu zao, au kuna aliyewanyonyesha, akawabeba mgongoni, akawafundisha kusema, mpaka wakapata maneno ya kukubaliana nayo. Na kama yupo, basi wao hawakuanza peke yao wakiogopana. Walianza mikononi mwa mtu, na mtu huyo hakuwaandikisha mkataba kwanza.

Hapo Masanja akaongezea. Masanja alikuwa Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wake, mtu wa maneno machache. Alisema yeye anajua makubaliano kwa sababu ameuza ng'ombe maisha yake yote. Ukifika mnadani, bei usipoipenda, unafunga kamba unarudi na ng'ombe wako. Hayo ndiyo makubaliano. Usipoweza kurudi naye, umenyang'anywa, hata kama umepewa kitu mkononi. Darasa zima likaitikia, na mimi nikafunga kipindi kabla ya wakati, nikidai chaki imekwisha. Chaki ilikuwepo, boksi zima.

Mjukuu wangu, nilipomsimulia hili, aliwatetea wanafalsafa wake. Alisema, babu, siku hizi hawasemi kwamba mkutano ule ulikuwepo kweli. Wanasema tujiulize tu, watu wenye akili timamu, wasiopendelea, wangekubali nini kama wangeulizwa. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwambia Bwana Gervas alikwisha kuifikia falsafa hiyo bila kupanda basi kwenda chuoni, kwani alisema wangekuwepo wangekubali, na baada ya maneno hayo mimi nikafungua kidau cha wino. Ng'ombe ambaye Masanja angemuuza bado yuko zizini kwa Masanja. Mtu anayeniambia kwamba ningekubali, anazungumza na nafsi yake, na kidole kinachochovya kwenye wino ni chake. Mjukuu akaandika kitu pembeni mwa daftari. Sikumuuliza ameandika nini.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nimekuwa nikilizunguka.

Nyumba za kijiji zilijengwa kwa mstari, zote sawa, milango yote ikitazama barabara. Kwa mwenye macho zilipendeza. Mzee Zakaria aliingia nyumba za watu. Aliingia mara tatu wiki ya kwanza, mara moja akamkuta mama anaoga, wakamzomea. Dada yake akafunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni ili aishike. Mtu niliyemwona akishuka ngazi na debe la maji kichwani, sasa alishika kamba kwenda chooni. Akaacha kutoka. Nilipokuwa nikipita nilimwamkia, akaitikia kwa heshima na kuuliza kama migomba yake kule juu kuna mtu anaipunguza majani. Nilimjibu kwamba ndiyo. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili kwa kaya ile.

Kiangazi, asubuhi moja Bibi Keziya akiwa kwenye shamba la kijiji kwa zamu, Mzee Zakaria alitoka. Tulimtafuta siku mbili, kijiji kizima, na Bwana Gervas mwenyewe akiwa mbele na viatu vyake vya ofisini. Siku ya tatu wachunga ng'ombe wa Masanja walimkuta porini. Alikuwa ameegemea kichuguu, amekufa kwa kiu, viatu vyake amevivua na kuviweka pembeni. Kati ya kijiji na kile kilima kuna mabonde matatu. Alikuwa amevuka mawili. Hakuna binadamu aliyeweza kunieleza alijuaje njia, maana alipelekwa kwa lori. Masanja alifikiri alifuata mteremko wa ardhi kwa nyayo, ndiyo maana alivua viatu. Sijui. Uso wake ulikuwa umeelekea kwao sawasawa.

Tulimzika. Niliandika taarifa ya kifo. Kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya sababu, nikaandika alipotea njia, na hilo nalo halikuwa kweli, kwa maana njia aliipata. Bwana Gervas hakuwahi kufanya mzaha tena mbele yangu. Mwaka uliofuata aliomba kustaafu, na siku ya kuondoka alinikabidhi jalada la fomu za kilimani. Ningeweza kulichoma. Nililifungia kwenye kabati nikatembea na ufunguo.

Vita vikaja. Askari wakapita kwenda kaskazini, tukachanga vyakula, vijana wetu wakaenda. Sitasema vita vile havikuwa vya haki. Watu walivamiwa kwao. Wiki chache baadaye wakaanza kufika watu waliokimbia makwao kule ng'ambo ya mto, wengine kwa malori, wengine kwa miguu, wamebeba magodoro na kuku. Wilaya ikatuletea fomu. Kila kaya iliyokubali kupokea wageni ithibitishe kwa alama ya kidole. Niliisoma moja mara mbili, kisha nikazichukua zote na wino wangu, nikaanza mstari wa kwanza wa nyumba.

Adhuhuri nilifika kwa Bibi Keziya. Nje palikuwa na mwanamke nisiyemfahamu, Mhaya, anachambua maharage, na watoto watatu wamelala kwenye mkeka, matumbo yamejaa. Walikuwa na siku nne pale. Bibi alimkuta yule mama kando ya barabara akawachukua. Wawili wale walielewana nusu ya maneno, nusu nyingine kwa mikono. Nilimuuliza bibi nani alimwagiza awapokee. Alinitazama kama mtu anayejiuliza kama nina akili.

"Watoto warikuwa na njaa," alisema.

Nikakumbuka maswali yake ya darasani, na nikaelewa kwamba hakuwa ananikejeli siku ile. Alikuwa ananieleza kitu anachokijua. Hakuna aliyemuuliza kama anakubali, hakuna aliyemwahidi ulinzi, na wale watoto wasingeweza kumlipa chochote, lakini aliwajibika kwao kuliko mimi nilivyowahi kuwajibika kwa karatasi yoyote. Na mtu huyu ndiye aliyedaiwa, kwa nguvu na kwa malori, eti atimize neno alilotoa. Hakuwa ametoa. Nilikuwa nimelitoa mimi.

Fomu ilikuwa mkononi. Aliiona, akaona na kidau cha wino, akaninyooshea mkono wa kulia, ule wa vidole vinne, bila hasira.

"Bibi," nilisema, "ile alama ya mwanzo ilikuwa ya kwangu. Ni kidole changu."

Yule mama Mhaya aliendelea kuchambua maharage, hakuelewa. Bibi Keziya aliushika mkono wangu, akakigeuza kidole gumba, akakitazama kwa muda mrefu, kwa utaratibu, kama anayetafuta mwiba. Nilitegemea anitukane. Nilitegemea alie. Nilitamani afanye mojawapo.

"Basi wewe ndiye uriyekubari kuhamia hapa, mwarimu," alisema. "Kaa. Mimi sijakubari bado."

Akaniachia mkono, akaingia ndani. Akatoka na jembe, blanketi, na chungu. Akamwonyesha yule mama upande wa kilima na kumwigizia ndizi kwa mikono miwili. Kijijini alikuwa na muhogo mchache, na sasa walikuwa vinywa vitano. Kule juu migomba haikujua habari za operesheni. Ilikuwa imezaa miaka yote ile na nyani wamekula. Yule mama akafunga maharage kwenye kanga, akamwinua mdogo, akafuata. Walifika barabarani kabla sijapata akili.

Wakati ule mtu hakuhama kijiji bila kibali. Wangemrudisha kesho yake, pengine na mgambo wale wale. Muhuri nilikuwa nao mfukoni. Nikawakimbilia, nikamzuia pale barabarani, pumzi zimenitoka. Nilimwambia asubiri kidogo, nitaandika sasa hivi kwamba ameruhusiwa kurudi kilimani, nitie muhuri, na hakuna atakayemgusa. Nilifurahi kweli kuwa na kitu cha kumpa. Nilikuwa nimeshaanza kuandika.

Bibi Keziya akatua chungu chini ili anitazame vizuri.

"Andika nimeondoka," alisema. "Usiandike nimeruhusiwa."

Akajitwika chungu chake, akawapitisha watoto mbele yake, wakaanza kupanda.